Sudan Inaungua na Sisi Tumechoka: Tuendelee Kupaza Sauti, au Tuchangie Tu?

Tangu El-Fasher, mji mkubwa wa Darfur, magharibi mwa Sudan, uchukuliwe na RSF, wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, Oktoba 26, 2025, watu waliokuwa mbele kuisemea Sudan hapa Tanga wameanza kupoa mmoja mmoja. Huyu haweki tena chochote kwenye status, yule kajitoa kwenye kundi la WhatsApp bila kuaga. Mwalimu mmoja wa madrasa, ambaye kila alfajiri alikuwa akisoma kunuti kuwaombea Wasudani, aliniambia tukitoka kusali isha pale Ngamiani: "Tumesema wee, mji umechukuliwa vilevile. Hivi tulikuwa tunamwambia nani?"

Swali hilo ndilo nitakalolitumia kupimia njia zilizo mbele yetu. Kubwa ni mbili: kuendelea kupaza sauti, au kuachana na maneno na kupeleka nguvu zote kwenye kuchangia chakula na dawa. Kususia na kunyamaza nazo ni njia, ila nitazipitia kwa haraka. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: naamini sauti isiachwe, lakini tubadilishe yule tunayemwambia.

Darfur na sisi

Nawasikia wanaosema Sudan ina wenyewe. Hebu tukumbushane. Dk. Salim Ahmed Salim ndiye aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika kwenye mazungumzo ya amani ya Darfur kule Abuja. Machi 31, 2005, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuipeleka Darfur kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Tanzania ilikuwa na kiti ndani ya Baraza, na ilipiga kura ya ndiyo. Julai 13, 2013, wanajeshi wetu saba waliokuwa kwenye kikosi cha kulinda amani waliviziwa na kuuawa Darfur Kusini. Na vita hivi vya sasa vilipolipuka Khartoum, Aprili 15, 2023, kati ya jeshi la Abdel Fattah al-Burhan na RSF ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, ilibidi watolewe kupitia Ethiopia. Katika mji wenye madrasa kama Tanga huhitaji kupita mitaa mingi kumpata mtu aliyesoma Khartoum, anayeweza kukuambia hosteli yao ilikuwa upande gani wa mji na duka lipi walikuwa wakinunua maharage.

Zaidi ya watu milioni 10 wameyakimbia makazi yao. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa rasmi katika kambi ya Zamzam, jirani na El-Fasher. Hayo ndiyo tunayoyazungumzia tunapouliza kama inafaa kuendelea.

Kupaza sauti: inafanya nini, na inashindwa wapi

Tuanze na ugumu wake. Kuandamana Tanzania si jambo la kuamka asubuhi ukafanya. Sheria ya Jeshi la Polisi inataka mkuu wa polisi wa eneo apewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, na kuanzia hapo uko chini ya hiari yake kama wengine wote. Halafu kuna Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Baada ya damu iliyomwagika nchini mwetu siku zile, hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini mama akisikia neno maandamano anamfungia mwanawe mlango. Ndugu mmoja aliniuliza kwa uchungu: mtu anayeulilia msiba wa kwao kwa kunong'ona, ataulilia wa Darfur kwa sauti gani? Nimelifikiria sana hilo. Sidhani huruma ya Darfur inapunguza ya nyumbani. Ninavyowaona mimi, wanaojizoesha kutazama maiti za mbali bila kushtuka ndio hao hao wanaokuja kusema "yameshapita" kuhusu za karibu.

Kwa hiyo ninaposema sauti, kwa hapa Tanga sizungumzii sana barabara na mabango. Nazungumzia hotuba ya Ijumaa, mahubiri ya Jumapili, kipindi cha redio, mhadhara wa chuo, barua yenye saini, mazungumzo ya barazani ambapo mtu anakuja na habari sahihi badala ya uvumi.

Je, inasaidia? Mfano mbaya kuliko yote ni Februari 15, 2003. Mamilioni ya watu waliandamana siku moja katika mamia ya miji duniani kupinga vita vya Iraki. Machi 20 vita vikaanza. Hao walikuwa na idadi, walikuwa na kura, wengine walikuwa raia wa nchi zilizokuwa zinakwenda kupiga, na bado hawakusikilizwa. Ukiuchukua mfano huo peke yake, utakunja jamvi.

Lakini iko mifano mingine, na mingi imepita karibu nasi. Juni 26, 1959, Tanganyika bado haijapata uhuru, Mwalimu Nyerere alikuwa London kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kuwataka Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mkutano ule haukupoteza muda kuwabembeleza makaburu. Uliongea na mama wa Kiingereza mwenye kikapu, dukani, aliyeshika tunda la Afrika Kusini mkononi. Huyo alikuwa anafikika. Benki ya Barclays ilijitoa Afrika Kusini 1986. Mandela alitoka jela Februari 11, 1990, na uchaguzi wa watu wote ukafanyika Aprili 1994. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kutoka mkutano ule. Aliyepoa 1965 kwa kuona hakuna kilichobadilika alikuwa anaona sawasawa. Alichokosa ni kujua kwamba kazi ile ilikuwa ya kizazi kizima.

Filbert Bayi naye. Aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Olimpiki ya Montreal 1976 dunia ilimsubiri yeye na John Walker wa New Zealand. Bayi hakukimbia. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki wakati timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini. Walker akachukua dhahabu. Mwaka uliofuata wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikubaliana, kule Gleneagles, kupinga michezo na Afrika Kusini. Na bado 1981 timu ya raga ya Afrika Kusini ilikaribishwa New Zealand. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyokwenda: hatua moja mbele, nusu nyuma, na mwanariadha mmoja wa Tanzania amelipa gharama ambayo hakuna atakayemrudishia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tatu, kwa sababu sisi ni mji wa bandari. Aprili 2008 meli ya An Yue Jiang ilifika Durban kutoka China ikiwa na silaha za kwenda Zimbabwe, wakati matokeo ya uchaguzi wa kule yakiwa yamezuiliwa na wapinzani wakipigwa. Wafanyakazi wa bandari, kupitia chama chao, walikataa kuzishusha. Mahakama ikatoa amri silaha hizo zisipite Afrika Kusini. Meli ikang'oa nanga ikaondoka. Wale makuli wa Durban hawakuwa na uwezo wa kumwambia lolote Robert Mugabe. Walikuwa na uwezo juu ya winchi na mikono yao, wakautumia.

Hapo ndipo ninapopata jibu la yule mwalimu. Sauti inayochosha ni ile inayomwendea asiyefikika. Hemedti hasomi status zetu, na Burhan hasikilizi mawaidha ya Ngamiani. Ukipiga kelele kwa hao miaka miwili, utachoka, na uchovu huo ni wa haki kabisa. Lakini yuko anayefikika. Wapo wabunge wetu. Ipo Wizara ya Mambo ya Nje, ya nchi ambayo 2005 ilinyoosha mkono kuhusu Darfur. Na lipo jambo mahususi la kudai: vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, vilivyoanza 2004, vinaihusu Darfur peke yake, wakati vita vimeenea mbali na Darfur. Kudai Tanzania iseme wazi, ndani ya Umoja wa Afrika na nje yake, kwamba vikwazo hivyo viifunike Sudan nzima ni dai linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana. "Sudan tunaumia nanyi" haliwezi kujibiwa.

Na kuna kazi nyingine ya sauti ambayo watu wanaidharau: kuweka kumbukumbu. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga askari wao kutoka India, Wajerumani na askari wao wakawarudisha baharini. Tulikuwa uwanja wa vita vya watu wengine. Katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Wa Darfur walau wanaandikwa. Ali Kushayb, kamanda wa wanamgambo wa Janjawidi, alitiwa hatiani Oktoba 2025 kwa unyama wa 2003 na 2004, akahukumiwa miaka 20 jela Desemba ya mwaka huohuo. Kesi hiyo ilitokana na kura ileile ya 2005, na isingefika popote kama watu wasingekuwa wamesema, wamepiga picha, wametoa ushahidi na kuurudia kwa miaka 20.

Kuchangia: sahani inayoonekana

Faida ya kuchangia haina mjadala: mtu anakula leo. Ndani ya Sudan wapo vijana wa mitaani waliojipanga katika kamati za kujitolea zinazoitwa vyumba vya dharura, wanaoendesha majiko ya pamoja, takaya, ambako chungu kimoja cha dengu kinalisha mtaa. Kazi yao ilitambuliwa kwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2025. Wengine wameuawa wakiifanya. Ukiniuliza fedha ikifika mikononi mwa nani inageuka chakula kwa haraka zaidi, nitawataja hao.

Makorora kuna akina mama wa kikoba waliokuwa wakitenga kidogo kila wanapokutana. Nilikaa nao siku moja. Mweka hazina ana daftari la shule lenye jalada la bluu, kaligawa mistari kwa rula: jina, kiasi, saini, na asiyejua kusaini kaweka dole gumba. Noti nyingi zilikuwa za elfu mbili, zimekunjwa mara nne kama zinavyotoka kwenye pindo la kanga. Bi mkubwa mmoja, ambaye mjukuu wake alirudi na ndege ile ya wanafunzi, aliniambia: "Mwanangu, mimi hizo picha sizitazami tena, presha inanipanda. Wewe niambie hii hela inafika au haifiki. Ikifika nitatoa mpaka nife." Hakuuliza kuhusu Baraza la Usalama, na hakuhitaji kuuliza.

Swali lake la kufika au kutofika ndilo gumu la njia hii. Kwanza, matapeli wapo: namba ya simu ya mtu binafsi yenye picha ya mtoto anayelia si njia ya kutumia, hata kama imetumwa na mtu unayemwamini, maana naye katumiwa. Pili, sheria zetu za kuzuia ufadhili wa ugaidi ni kali, na fedha inayokusanywa mtaani kwenda eneo la vita bila taasisi inayojulikana inaweza kumletea balaa mweka hazina asiye na kosa. Pitieni kwenye taasisi zenye jina na risiti: UNHCR, Madaktari Wasio na Mipaka, au ulizeni Msalaba Mwekundu hapa nchini. Risiti ibandikwe kwenye daftari lilelile.

Lakini tatizo kubwa kuliko hayo lilionekana El-Fasher. Mji ulizingirwa kwa takriban mwaka mmoja na nusu. RSF walijenga tuta la udongo kuuzunguka. Watu walifikia kula ambaz, yaani mashudu ya karanga, chakula cha mifugo, na hata hayo yakaanza kuadimika. Fedha ilikuwepo nje. Chakula kilikuwepo nje. Kilichokosekana ni barabara, na barabara haifunguliwi kwa mchango. Inafunguliwa kwa shinikizo. Juni 13, 2024, Baraza la Usalama lilipitisha azimio kutaka mzingiro ule ukome, na RSF wakalipuuza kwa sababu waliona hakuna atakayewafanya lolote. Vilevile mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, majiko mengi ya takaya yalifungwa kwa mkupuo. Uamuzi mmoja wa kisiasa ulifuta kazi ya wachangiaji wadogo wengi sana.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zangu wanaosema "tuache siasa, tutoe sadaka tu." Njaa ya El-Fasher haikutoka mbinguni kama ukame. Iliwekwa na watu wenye majina. Anayechangia na kukaa kimya anamtendea aliyezingirwa kana kwamba amepatwa na mafuriko.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu basi: kuchangia kunakupa kitu cha kuhesabu, na moyo unaoweza kuhesabu haupoi upesi. Kupaza sauti hakukupi cha kuhesabu kwa miaka, pengine hadi uzeeni. Kuchangia kuna hatari ndogo kwako ukipita njia sahihi. Sauti ina hatari zake, kuanzia polisi hadi Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inaadhibu kusambaza habari za uongo, na picha za vita vingine zinazopewa jina la Sudan ni nyingi mno mitandaoni. Kuchangia kunaishia ukutani pale barabara inapofungwa. Sauti haishibishi mtu usiku wa leo. Ukilazimika kuchagua moja kwa kuwa huna nafasi ya zote mbili, changia. Ila ukiwa na nafasi hata ndogo, usiuachie mchango ubebe mzigo usiokuwa wake.

Kususia

Hapa sina maneno mengi. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Sudan inaishia Dubai, na serikali ya Sudan inaituhumu Imarati (Umoja wa Falme za Kiarabu) kuwapa silaha RSF. Imarati imekanusha. Sudan ilifungua kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na Mei 2025 mahakama hiyo ikaifuta kwa kusema haina mamlaka ya kuisikiliza, bila kuingia kwenye ukweli wa tuhuma. Kuna wanaotaka tususie kila kitu cha huko. Nawaelewa, lakini pwani hii ina mabinti wanaofanya kazi za ndani Ghuba na wafanyabiashara ambao mzigo wao wote unatoka Dubai. Siwezi kumwambia mama amrudishe bintiye anayemlipia mdogo wake ada. Anayenunua dhahabu ya mahari anaweza kumuuliza sonara imetoka wapi, na akanunua ya Geita akiipata. Zaidi ya hapo, kwa sasa, sioni susio litakalofanya kazi kutokea Tanga.

Kunyamaza

Kunyamaza kwa sababu hujali na kupumzika kwa sababu umechoka ni mambo mawili. La kwanza sina la kulitetea. La pili ni haki ya mtu, hasa kwa waliokuwa wakitazama zile video za El-Fasher ambazo wauaji walijirekodi wenyewe. Usizitazame. Hudaiwi hilo na yeyote. Pokezaneni: wawili wafuatilie habari mwezi huu na kuwaletea wenzao muhtasari, mwezi ujao wengine. Mwenye kukaa pembeni aseme anakaa, na aseme atarudi lini.

Nani ashike lipi

Mwenye kipato kidogo na muda mdogo, kama wale akina mama wa Makorora, ashike kuchangia na asione haya kwamba hasemi. Imamu, padri, mwalimu, mtangazaji, yaani yeyote ambaye watu hukaa kimya anapozungumza, huyo kwake sauti ni wajibu kabla ya mfuko. Kijana mwenye simu na intaneti aache kurusha picha na ajifunze jambo moja kwa undani, mfano vikwazo vya silaha, mpaka aweze kulieleza kwa dakika tatu bila kutazama mahali. Aliyesoma Khartoum ana kitu ambacho sisi wengine hatuna: anawajua watu kwa majina. Aandike anayoyakumbuka, na awatafute walimu na wanafunzi wenzake, wako wapi sasa, Cairo, Juba, kambini Chad.

Kwa wale watakaoamua kuendelea na sauti, nashauri muanze na barua kwa mbunge wenu. Iwe ukurasa mmoja. Itaje kura ya Tanzania ya 2005 na wanajeshi saba wa 2013, kisha imwombe aulize swali moja bungeni, kwenye kipindi cha maswali kwa mawaziri: je, serikali inaunga mkono vikwazo vya silaha kuifunika Sudan nzima, na kama haiungi, ni kwa nini? Wekeni saini na mtaa wa kila mmoja, ili ajue ni wapiga kura wake. Nakala moja ipelekeni mkononi ofisini kwake, igongwe muhuri wa kupokelewa, nyingine itumeni Dodoma. Asipojibu hadi kikao kinachofuata, pelekeni ya pili yenye saini nyingi zaidi, na mwambatanishe nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri.